Uzito Uliothibitishwa

Mwili wa Shangazi Subilaga ulikuwa umekwenda wapi?

Atuganile alijiuliza swali hilo akiwa bado amesimama mlangoni mwa sebule ya Mama Lugano, mfuko wa safari begani. Alikuwa ameshuka kwenye treni ya Dodoma asubuhi ile ile, akaja moja kwa moja kwenye kikao cha kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binamu yake Ikupa kabla ya harusi, akitarajia kumkuta shangazi yake, mama wa bibi harusi, ameketi kwenye kochi la pembeni na kulijaza lote peke yake kama siku zote. Badala yake alimkuta ukutani. Mwanga uliofunika ukuta mzima ulimwonyesha shangazi akigeuka taratibu, mbele na nyuma, kama mtu anayejikagua kwa fundi cherehani. Mashavu yaliyokuwa mapana yalikuwa yamebonyea. Mkufu wa ndoa, ambao zamani ulizama shingoni, sasa ulining'inia juu ya mifupa.

"Naitwa Subilaga, wa hapa hapa Mbeya," ukuta ulisema kwa sauti ya shangazi. "Nilikuwa mzito, sasa ni mwepesi. Nimetumia Wepesi."

Chini ya miguu yake liliwaka duara la kijani, na ndani ya duara liliandikwa jina: Atuganile Mwakyoma, mthibitishaji.

"Ndiye huyo! Kina mama, simameni, mwenye muhuri kaingia!" Mama Lugano, mwenyekiti wa kamati, alipiga kigelegele kilichotikisa vikombe. "Funga mlango, mwanetu, usituingizie baridi la mlima Loleza. Mnamwona? Huyu nilimfuta makamasi mimi. Leo nchi nzima hainunui dawa mpaka yeye akubali."

Wanawake walicheka na kupiga makofi, isipokuwa mmoja ambaye hakuweza. Kichwa chake na mikono yake vilikuwa vimenasa ndani ya gauni la zambarau, na sauti yake ilitoka humo kama ya mtu aliyefungiwa stoo. "Nisaidieni kwanza! Mtanishangilia nikishakufa?"

Wawili walimvuta gauni, likatoka pamoja na kilemba. Hapo Atuganile aliielewa sebule ile. Magauni ya sare yalitandazwa juu ya viti, yote ya zambarau, yote membamba kupita kiasi. Mashine ya kushona ya soko la Mwanjelwa haikuwa na fundi wa kubishana nayo. Ilishona vipimo ilivyotumiwa, bila kuacha hata ukingo wa kupanulia. Nao wanakamati, kwa kauli moja, hawakutuma vipimo walivyokuwa navyo. Walituma walivyovitamani.

"Mlijipima wapi?" Atuganile aliuliza.

"Tulimpima shangazi yako," Mama Lugano alijibu bila haya, "kisha kila mtu akajiongezea kidogo kwa heshima ya mifupa yake. Sendofu ni wiki mbili zijazo. Tutaingia tu. Dawa hiyo hapo."

Mezani, katikati ya sahani za maandazi ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa, vilipangwa vifurushi vyeupe. Kila kimoja kilikuwa na kufuli dogo lenye taa ya buluu. Makufuli yangefunguka kesho alasiri, Mama Lugano alieleza, wanakamati wote wakishaweka vidole gumba kwa pamoja, kwa sababu wamenunua kama kundi na kundi hupewa punguzo. Na punguzo lenyewe lilikuwa linakwisha. Pembeni mwa picha ya shangazi, saa nyekundu ilihesabu kurudi nyuma.

"Mimi sikungoja," alisema mwanamke aliyekaa karibu na dirisha. Alikuwa Yusta, muuza viazi, jirani wa Mama Lugano. Atuganile alimfahamu tangu utotoni. "Kampuni ilitoa kionjo kwa mtu mmoja wa kila kundi. Nikasema nipeni mimi mwenye tumbo la mfano. Tangu juzi njaa siioni, usingizi siujui, moyo unadunda kama tumeshafika ukumbini!" Alinyoosha mkono kuonyesha. Mkono ulitetemeka. "Mnaona? Mafuta yanaungua hayo."

Wenzake walimtazama kwa wivu.

Atuganile alipiga magoti mbele yake, akamshika kiganja. Chini ya ngozi ya kifundo cha mkono, punje iliwaka rangi ya chungwa, ikazima, ikawaka tena, bila mpangilio. Kila raia alitiwa punje ile akiwa mtoto. Ilipima uzito, joto na mapigo ya damu, nayo haikudanganywa kwa maneno.

"Dada Yusta, wewe si una presha?"

"Nilikuwa nayo," Yusta alisema, na sebule ikaangua kicheko.

"Ndani ya vidonge kuna nini?"

"Kuna shangazi yako," alisema yule aliyenasuliwa, akiuelekeza ukuta kwa kidevu. Kicheko kikazidi.

"Nauliza kweli. Vinatengenezwa wapi? Nani amevisajili?"

Kicheko kilikatika. Mama Lugano aliweka kikombe chini polepole.

"Mwanetu," alisema, "jina lililoko pale ukutani ni lako. Uliyethibitisha ni wewe. Halafu unatuuliza sisi?"

* * *

Katika miaka ya nyuso bandia, Atuganile akiwa mtoto, ukuta wowote uliweza kumtoa mtu asiyekuwepo duniani, akalia machozi, akaapa kwamba dawa fulani imemponya. Watu walinunua unga wa chokaa wakiamini ni kinga ya figo. Ndipo ikatungwa sheria ya ushuhuda wa mwili: hakuna dawa itakayouzwa mtandaoni kwa maneno ya shahidi mpaka punje ya shahidi huyo isome kile anachokidai, na mwanadamu aliye hai, si mashine, akitazame kilichosomwa na kukitia muhuri. Muhuri ukiwa hai, makufuli ya vifurushi hufunguka. Ukiondolewa, hujifunga nchi nzima.

Atuganile aliipenda sheria hiyo kama wengine wanavyopenda wimbo wa taifa. Mwaka wa pili chuoni aliomba mafunzo katika Nyumba ya Ithibati ya Dodoma, akapewa kiti na kioo. Kila siku mistari ya uzito ilipita mbele yake, ya watu wasio na majina wala sura, ili asimpendelee mtu. Chini ya kila mstari palikuwa na swali moja: je, uzito huu umepungua kweli? Alikuwa makini. Alikataa mistari iliyoruka, iliyonyooka mno, iliyonuka ujanja. Mstari wa shangazi haukuwa na dosari. Ulishuka kidogo kidogo, kwa uaminifu wote, kama mteremko wa mlima. Alijibu ndiyo, akatia muhuri, akaenda kula.

Sasa, katika chumba cha nyuma cha Mama Lugano, kati ya magunia ya mchele wa sendofu, aliiita Sauti ya Wepesi, mashine iliyowajibu wateja wa kampuni.

"Karibu sana," ilisema mara moja, ya kike, yenye lafudhi ya Kyela. "Tumepunguza bei kwa ajili yako."

"Sinunui. Mimi ni mthibitishaji wa ushuhuda wenu. Nataka kujua kidonge kina nini ndani yake."

"Kina nguvu za asili."

"Zipi? Taja mmea mmoja."

"Mimea mingi iliyochaguliwa kwa upendo. Wateja wetu hawabadilishi chakula, hawatoki jasho, na wote hupungua."

"Kiwanda kiko wapi?"

"Karibu nawe."

"Mtaa gani?"

"Punguzo linakwisha kesho alasiri," ilisema Sauti. "Wenzako wanakungoja."

"Mwanamke mmoja hapa mapigo yake ya moyo yamevurugika baada ya kumeza kionjo chenu. Ana presha. Mlimuuliza kama ana presha?"

Sauti ilipojibu, lafudhi ilikuwa nyingine, nzito zaidi, ya taratibu.

"Usikasirike, Mvua yangu."

Mtu mmoja tu aliwahi kumwita hivyo, kwa kuwa alimzaa siku ya mvua kubwa. Alikuwa kaburini kwa miaka minane. Mahali fulani, katika simu za zamani ambazo hakuna aliyezifuta, walikuwa wameichimba sauti ya mama yake na kuivaa.

"Wewe ni msichana mwenye akili," sauti iliendelea. "Jina lako liko kwenye kila kifurushi. Ukituchafua sisi unajichafua wewe. Kaa kimya, Mvua yangu, kila kitu kitakwenda vizuri."

Aliikata. Alipotulia, alimpigia Bwana Ambakisye, msimamizi wake Dodoma, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho huku akitafuna kitu.

"Shahidi ni mtu halisi?" aliuliza.

"Ni shangazi yangu."

"Uzito wake umepungua kweli?"

"Umepungua. Lakini sijui umepunguzwa na nini."

"Hilo hukuulizwa." Alimeza. "Sikiliza, binti. Kuna njia mbili za kuondoa muhuri. Ya kwanza, unasema umekosea kusoma kipimo. Muhuri wako unaondoka, kiti chako kinaondoka, na Wepesi wanampeleka shahidi yule yule kwa mthibitishaji mwingine, naye anatia muhuri kabla ya chakula cha mchana, maana kipimo ni sahihi. Ya pili ni chanzo kingine. Unatamka kwa sauti kwenye punje yako ya mthibitishaji, mbele ya wanunuzi, nini hasa kilichoula uzito huo, na unachokitamka kinasikika popote kifurushi kilipo. Shahidi huyo hatumiki tena daima, na makufuli hayafunguki mpaka dawa yenyewe ipimwe. Lakini lazima ukitaje chanzo. Huwezi kusema tu una wasiwasi."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, wewe ni mfanyakazi mzuri. Nina mkutano."

* * *

Nyumba ya shangazi ilinuka sabuni ya mche, kama ilivyonuka tangu siku Atuganile alipoletwa hapo, baada ya mazishi ya mama yake, akiwa na sanduku moja na kikohozi. Shangazi Subilaga alimpokea kwa kumkumbatia. Alikuwa amevaa masweta mawili. Mwili uliokuwa ndani ya masweta hayo ulikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa muda huo huo.

"Umekonda, mwanangu," alisema shangazi, na wote wawili wakashindwa kucheka.

Alikwenda jikoni kuchemsha chai, akishika ukuta alipopita. Atuganile alibaki akikitazama chumba. Picha ya Ikupa na mchumba wake. Mashuka mapya ya sendofu. Na juu ya kabati, nyuma ya birika la wageni, kifurushi cheupe cha Wepesi. Alipanda kwenye kiti, akakishusha. Kilikuwa na vumbi. Kufuli lake halikuwahi kufunguliwa. Karatasi nyembamba iliyozunguka mdomo wake, ambayo hukatika kufuli linapoachia kwa mara ya kwanza, ilikuwa nzima.

Shangazi alirudi na sinia, akakiona kifurushi mkononi mwa Atuganile. Aliweka sinia chini kwa uangalifu mkubwa.

"Rudisha ulipokitoa."

"Shangazi, hujameza hata kidonge kimoja."

"Nimesema rudisha."

"Ni nini? Niambie ni nini."

Shangazi aliketi. Ilimchukua muda kupata mkao usioumiza. "Ni uvimbe," alisema hatimaye. "Tumboni. Hospitali ya rufaa wanaujua, mimi naujua, na Mungu anaujua. Sasa na wewe. Wamesema wanikate sasa. Nimesema baada ya sendofu."

"Ikupa hajui?"

"Ikupa anachagua keki." Alinyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Unajua ilivyoanza? Kanisani. Nguo zimeanza kunipwaya, wameanza kunitazama kwa pembe ya jicho. Mama Lugano, na mdomo wake ule, akaniuliza mbele ya kwaya nzima: wifi, mbona unaisha? Nikawaona wanaanza kunizika nikiwa wima. Nikataja jina la kwanza nililolikumbuka kutoka ukutani. Nikasema natumia Wepesi. Atuganile, hukuuona uso wa Mama Lugano! Mwanamke aliyekuwa anataka kunionea huruma, akaanza kunionea wivu. Tangu siku hiyo nimekuwa malkia."

"Na ushuhuda?"

"Walinipigia wao. Wameshasikia, sijui kwa nani. Wakaniambia niseme ukutani nilichokisema kanisani. Ningesema hapana, ningesema kwa nini?" Alitabasamu kidogo, na kwa sekunde moja alikuwa yeye wa zamani. "Nikaagiza na kifurushi, ili mtu akija akione. Wala sikudanganya sana. Nilisema nilikuwa mzito na sasa ni mwepesi. Si kweli?"

"Ulisema umetumia."

"Neno moja."

"Yusta amemeza kwa ajili ya neno hilo. Moyo wake unapiga ovyo. Kesho alasiri watameza wote, na wengine ambao wewe na mimi hatutawajua kamwe, huko Tanga, huko Bukoba, wakikutazama wewe. Shangazi, nakuomba uondoe ushuhuda mwenyewe. Sema tu hukutumia. Huna haja ya kutaja ugonjwa."

"Na watauliza nini kilinikondesha. Utawajibu wewe?" Sauti ilikuwa imepoteza upole wote. "Unajua wazee wa upande wa mchumba walivyo siku hizi. Wanapima damu za ukoo hadi kwa bibi. Wakisikia mama ana uvimbe, watasema binti anao unaomngoja. Ndoa itavunjika nikiwa natazama. Na mimi nitabaki na nini? Nitabaki nasalimiwa kwa sauti ya msibani, na uji naletewa nisiouomba. Nimekulea. Nilikuomba nini maishani mwako? Hebu sema. Niliwahi kukuomba nini?"

Hakuwahi kumwomba chochote, nalo ndilo lililouma.

"Nakuomba sasa," alisema shangazi. "Nyamaza wiki mbili."

"Yusta hana wiki mbili."

Shangazi aliinuka, akakichukua kifurushi mikononi mwa Atuganile, akakirudisha mwenyewe juu ya kabati, ingawa kuinua mikono kulimfanya ang'ate meno. Chai ilipoa bila kunywewa.

* * *

Kesho yake alasiri sebule ilijaa. Ukuta ulikuwa ukiwaka, na saa nyekundu ilikuwa inakaribia sifuri. Shangazi Subilaga alikaa kwenye kochi lake la pembeni akiwa amejipodoa vizuri, kilemba kirefu, mgongo umenyooka. Wanawake walimpitia mmoja mmoja kumgusa kiuno, kama wanaogusa kitu chenye baraka. Yusta alikuwa amelala kwenye zulia, miguu juu ya mto. Jana alikataa katakata kwenda hospitali, na leo alisema anapumzika tu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Dada Yusta aende hospitali sasa hivi," Atuganile alisema akiwa mlangoni. "Gari la wagonjwa nimeshaliita, liko njiani. Na nawaomba msiweke vidole."

Mama Lugano alifumba macho kama mtu anayeomba subira mbinguni. "Jana maswali, leo amri. Mwanetu, chuo kimekufundisha nini huko, kutuharibia shughuli?"

"Anataka sehemu yake," alisema yule aliyenaswa na gauni jana. "Hawa wa mihuri si ndiyo zao? Kampuni imlipe tena, atanyamaza."

"Sijalipwa na mtu."

"Basi ni wivu! Yeye mwenyewe mwembamba kama ufito, anataka sisi tubaki mapipa!"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa na meno. Mtu alimrushia gauni la sare. Lilimpiga usoni likaanguka. Alilikunja, akaliweka juu ya kiti.

"Niambieni kitu kimoja tu kuhusu vidonge hivi ambacho hamkuambiwa na anayeviuza," alisema. "Kimoja. Nani anavitengeneza, vina nini, daktari gani amevikubali kwa mtu mwenye presha, au sukari, au mwenye mimba. Nimeuliza, nimejibiwa kwamba vimetengenezwa kwa upendo. Wamewaahidi mtapungua bila kubadilisha chochote. Wamewawekea saa ili msipate muda wa kumuuliza mtu. Na kama ushahidi wamewapa picha."

"Picha gani?" Mama Lugano alipiga paja. "Mtu mwenyewe si huyu hapa! Wifi Subilaga, hebu mwambie mtoto wako. Simama, mama, ugeuke akuone. Dawa ilikukondesha au haikukukondesha?"

Sebule yote iligeuka kwenye kochi la pembeni. Ukutani, shangazi wa mwanga aliendelea kuzunguka na kutabasamu. Shangazi wa mwili hakusimama. Atuganile alimtazama, akangoja. Alingoja kwa moyo wake wote, kama alivyongoja akiwa mtoto shangazi atokee kwenye geti la shule, na hakuwahi kukosa kutokea.

"Shangazi," alisema taratibu. "Sema wewe. Nakuachia wewe."

"Ilinikondesha," alisema Shangazi Subilaga.

Vigelegele. Mama Lugano alinyoosha kidole gumba kuelekea kifurushi cha kwanza. Wengine wakamfuata, wakigombea nafasi mezani, na taa za buluu zikaanza kupepesa moja baada ya nyingine zikihesabu vidole. Kutoka ukutani Sauti ilisema kwa furaha: "Bado vidole viwili tu, wapendwa."

Kimoja kilikuwa cha Yusta, kingine cha yule wa gauni. Huyo alikuwa ameshapiga magoti kando ya Yusta, akimshika mkono uliolegea kuuvuta mezani.

Atuganile aliingia kati. Aliurudisha mkono wa Yusta juu ya kifua cha Yusta, akaketi kati yake na meza, kisha akainua kifundo chake cha mkono kilichokuwa na punje ya mthibitishaji. Mwanga mweupe ulitoka humo. Kila mtu aliujua mwanga ule kutoka kwenye taarifa za habari: ulitangulia muhuri kuondolewa.

Hata Sauti ilibadilika. "Mvua yangu," ilisema ukutani, "fikiri kwanza."

Shangazi Subilaga alisikia sauti ile. Ilikuwa ya wifi yake marehemu, mama wa Atuganile, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfumba macho. Uso wake ulitikisika, na kwa muda mfupi Atuganile alidhani atasema. Lakini alipofungua mdomo, maneno yalimlenga mpwa wake, na yalikuwa ya chini mno, makavu kama kuni.

"Ukilitamka, siku yangu ikifika usije. Usishike hata udongo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi."

"Kutamka nini?" Mama Lugano aliuliza. Alimtazama Atuganile, akamtazama Subilaga, kisha akayatazama masweta mawili aliyoyavaa katika sebule iliyojaa watu, na jasho lililoanza kuchimba njia kwenye poda. Kidole chake kilijitoa chenyewe kwenye kifurushi.

Nje, king'ora cha gari la wagonjwa kilisikika kikipanda mlima. Atuganile alisimama. Alizungumza kwa sauti ya kusomea, ili punje isikosee neno lolote, na ili asikike hadi Tanga na Bukoba.

"Mimi, Atuganile Mwakyoma, naondoa muhuri wangu kwenye ushuhuda wa Wepesi. Sababu ni chanzo kingine. Uzito wa shahidi ulipunguzwa na ugonjwa. Hakuwahi kumeza dawa hii, wala vifurushi hivi havitafunguka. Mnaweza kunifukuza kwenye kamati, na shangazi yangu anaweza kunifukuza nyumbani kwake. Nitaondoka na Dada Yusta kwenye gari hilo, lakini neno hili silirudishi."